Majagi Mawili ya Bi Elspeth Mudie

Kwa huzuni iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa, wafanyakazi wote wanatangaziwa kwamba jagi la plastiki la lita mbili, lenye mpini uliofungwa kwa utepe mweusi, litaondoka rasmi kazini Ijumaa tarehe 28 Machi 2025, saa kumi jioni. Jagi hilo limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo tangu mwaka 1995. Halikuwahi kuugua, halikuwahi kuchelewa, na halikuwahi kuomba nyongeza ya mshahara. Mwenye jagi anaondoka nalo siku hiyohiyo. Naye ni Bi Elspeth Mudie, mpimaji wetu mkuu, aliyeitumikia kampuni hii ya boila na mabomba hapa Dundee kwa miaka thelathini na moja na miezi sita.

Mkurugenzi wetu, Bwana Duthie, aliniomba niandike wasifu huu kwa sababu, kwa maneno yake, mimi ndiye ninayezungumza sana na kufanya kazi kidogo, hivyo nafasi ninayo. Alinipa kurasa chache na agizo moja.

"Murdo, usisahau kosa la Lochee. Miaka yote hiyo, kosa moja tu! Liweke, watu wacheke. Bila hilo watadhani tunamuaga malaika."

Nimeliweka. Limenipa taabu kuliko nilivyotarajia, na atakayesoma hadi mwisho ataona kwa nini.

Bi Elspeth hakuajiriwa kupima chochote. Aliajiriwa kupokea simu. Kila majira ya baridi alikaa pale mezani akisikiliza watu waliokuwa wakitetemeka, na kwa kuwa yeye husikiliza kweli, baada ya majira mawili aligundua jambo ambalo mafundi wetu hawakuligundua kwa miaka kumi. Malalamiko mengi hayakutoka kwa wenye boila kuukuu. Yalitoka kwa wenye boila mpya kabisa, kubwa, za kung'aa, katika fleti za vyumba viwili. Akaenda kwa mzee Duthie, baba yake huyu wa sasa, akamwambia kwamba tunawauzia watu viatu bila kuangalia miguu yao. Mzee akamjibu kwamba kama anaijua sana miguu, basi aende akaipime. Akaenda.

Mwanzoni wateja hawakumzoea. Kuna bwana mmoja wa Broughty Ferry aliyefungua mlango, akamtazama, kisha akachungulia nyuma yake hadi kwenye gari.

"Fundi yuko wapi?"

"Yuko hapa, anavua viatu," Bi Elspeth akamjibu, huku ameinama akifungua kamba.

Kwa wale mliojiunga nasi juzi, na kwa wake na waume waliokuja leo kwa ajili ya keki, nieleze kwa ufupi kazi yenyewe. Zamani kila fleti ilikuwa na tangi la shaba ndani ya kabati, limejaa maji ya moto yakisubiri. Kisha ikaja boila ya kombi, kasha moja la ukutani linalopasha rejeta, yaani zile paneli za chuma zinazotia vyumba joto, na papo hapo linachemsha maji ya bomba unapoyafungua, bila tangi. Katika fleti ndogo ni neema. Tangi linaondoka, kabati linabaki tupu, na mtu anapata mahali pa kuweka ufagio na zile skii za kuteleza thelujini alizotumia mara moja. Kila mtu akaitaka. Na kila mtu akataka kubwa, kama vile ng'ombe mkubwa ndiye mwenye maziwa mengi, hata kama hana majani.

Bi Elspeth alikuwa na sentensi moja aliyowaambia wote, kuanzia mwalimu mstaafu hadi daktari: "Boila haitengenezi maji. Inayapasha yale yanayofika."

Kwa hiyo kabla ya kufungua kitabu cha bei, alifungua bomba la jikoni. Alikinga jagi lake, akatazama saa yake ya mkononi, akahesabu sekunde. Jagi likijaa kwa sekunde kumi, ni lita kumi na mbili kwa dakika, na hapo mnaweza kuzungumza. Likichukua nusu dakika, hata ukitundika ukutani boila ya hospitali nzima, utaoga kwa uzi wa maji. Baada ya bomba, aliuliza maswali. Nani anaamka wa kwanza? Nani anaosha vyombo mwenzake akioga? Mnapenda hodhi la kuogea au shawa? Niliwahi kuwa naye kwa vijana wawili, wapenzi, wanafunzi wa udaktari, katika fleti ambayo ukinyoosha mkono kitandani unafika jikoni. Walitaka boila ya kilowati arobaini.

"Mnaoga kwa zamu au pamoja?" akauliza Bi Elspeth, kalamu mkononi.

"Kwa zamu," akasema binti.

"Pamoja," akasema kijana, wakati uleule.

Bi Elspeth hakuinua hata jicho. "Basi ndogo inatosha," akaandika.

Hakukubali boila itundikwe ukutani nyuma ya kichwa cha mtu aliyelala. Akiwa na shaka, alivua koti, akalala kwenye kitanda cha mteja, akafumba macho, akasikiliza mlio utatokea wapi. Huko Stobswell alilala hivyo muda mrefu mpaka mwenye nyumba akaniuliza kwa sauti ya chini kama amlete blanketi. Nikamwambia alete tu, maana sikuwa na hakika kama bado anasikiliza au amelala.

Lakini jambo lake hasa, ambalo halimo katika kitabu chochote cha mtengenezaji, ni jagi la pili. Majengo yetu ya zamani mnayajua. Ngazi moja, fleti nane, na mara nyingi bomba moja kuukuu la madini ya risasi linapanda kuwagawia wote. Saa tano asubuhi, watu wakiwa kazini, wewe wa ghorofa ya tatu una maji kama mfalme. Saa kumi na mbili jioni wote wamerudi, wanapika, wanafua, wanaogesha watoto, nawe unabakiwa na machozi ya bomba. Ndiyo maana Bi Elspeth alirudi jioni na jagi lake. Na kama hata hapo hakuridhika, alishuka chini kubisha hodi kwa majirani.

"Samahani sana. Nafungua bomba huko juu. Unaweza kunifungulia la kwako la jikoni na la bafuni, dakika tatu tu?"

Fikirieni ombi hilo katika mji ambao mtu anaweza kuishi miaka ishirini bila kujua jina la anayelala chini ya sakafu yake. Katika ngazi moja pale Hilltown, bwana wa chini na bibi wa juu walikuwa hawajasemezana miaka tisa kwa sababu ya baiskeli iliyoachwa kwenye korido. Bwana alifungua mabomba yake yote mawili kwa furaha isiyo ya kawaida, kisha akatoka, akapaza sauti ngazini:

"Mwambie huyo wa juu, maji yanaanza kwangu!"

"Mwambie huyo wa chini," ikarudi sauti kutoka juu, "na baiskeli iliishia kwangu!"

Jagi lilijaa kwa sekunde thelathini na mbili. Bibi akashauriwa asiondoe tangi lake. Nasikia baadaye waligawana gharama ya bomba jipya. Kuhusu baiskeli sina habari.

Sasa mimi. Nilikuja hapa vuli ya mwaka 2008, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, kutoka kwenye duka la mazulia lililofungwa. Kupima nilikujua, ila nilijua kupima sakafu. Bi Elspeth alikabidhiwa kunifundisha, akanifundisha kama mtu anayemfundisha paka kuogelea, kwa subira na kwa umbali. Aliniita "mwanangu", kama anavyowaita wanaume wote wasiofika miaka sitini. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilipewa miezi mitatu ya majaribio, na mzee Duthie alikuwa na kanuni moja tu kuhusu majaribio, nayo ni kwamba kosa moja la kung'oa boila iliyokwisha kufungwa, na mtu huyo anarudi kwenye mazulia.

Na hapa ndipo linapoingia kosa la Lochee.

Ninyi nyote mliopitia mafunzo hapa mmelisikia. Kila Septemba, wanagenzi wapya wakikaa chumba cha juu na vikombe vyao, Bi Elspeth husimama mbele yao, jagi mkononi, na kuanza hivi: "Nilikosea mara moja." Kisha husimulia habari za Bi Netta Lorimer.

Bi Netta alikuwa na miaka sabini na minane, akiishi ghorofa ya tatu, mtaa wa Lochee. Alifanya kazi katika viwanda vya juti tangu akiwa na miaka kumi na minne, na viwanda vilimlipa kwa nyonga zilizokauka kama bawaba zisizotiwa mafuta. Dawa yake ilikuwa moja. Kila siku saa kumi na mbili jioni alikaa nusu saa katika hodhi la maji ya moto hadi kifuani. Akilikosa hodhi hilo, kesho yake hakuweza kushuka ngazi, na asiposhuka ngazi hakuonana na mtu. Alitaka kombi kwa sababu daktari alikuwa amempa kigari cha kutembelea, na mahali pekee pa kukiweka palikuwa kabati la tangi.

Maji yakapimwa mara moja, asubuhi. Jagi likajaa kwa sekunde kumi. Tangi likang'olewa, likauzwa kama shaba chakavu, ikafungwa boila ya kilowati thelathini na tano, nzuri kama gari jipya. Jioni ile Bi Netta akafungua bomba. Fleti saba za chini na za pembeni nazo zikafungua. Jagi lile lile sasa lingehitaji sekunde arobaini. Hesabu wenyewe, hodhi ni lita mia moja na ishirini. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haijazi hodhi kabla maji hayajapoa. Bibi yule alikaa katika vidole vitatu vya maji vuguvugu, mwezi wa Novemba, akashindwa kunyanyuka, akagonga bomba kwa mswaki mpaka jirani akasikia.

"Kwa hiyo tukaing'oa," humalizia Bi Elspeth. "Tukamfungia boila ndogo na tangi jipya jembamba, kigari kikapata nafasi yake ubavuni. Na tangu siku hiyo kwenye fomu yetu kuna mstari wa saba: jagi la pili, saa kumi na mbili jioni, jirani akiwa amefungua. Mstari huo ni kosa langu. Msiuruke."

Wanagenzi huandika. Tangu mstari huo uwekwe, hatujang'oa hata boila moja kwa sababu ya maji haba, katika fleti zaidi ya elfu mbili. Chama cha nyumba za kupangisha cha hapa mjini kimeiga fomu yetu bila kutuomba, nasi tumechukulia kuwa ni sifa.

Ofisi nayo ilifanya kama ofisi zinavyofanya. Kosa la Lochee likawa mzaha wetu. Mtu akipoteza funguo za gari, tulisema angalau hakung'oa boila. Krismasi ya mwaka 2013 nilimtengenezea Bi Elspeth kikombe kilichoandikwa kwa herufi nyekundu JAGI MOJA. Ukumbi mzima ulicheka, mimi nikicheka kuliko wote. Amenywea chai kikombe hicho kila siku hadi wiki hii.

Basi wiki mbili zilizopita nilikaa kuandika aya hii kama Bwana Duthie alivyoagiza, kosa moja katika miaka thelathini na moja, na mkono ukakataa. Kukiandika kikombe ni utani. Wasifu huu utachapishwa, atapewa mkononi, atautia kwenye fremu au kabatini, na wajukuu wake watausoma. Nikaenda stoo. Alikuwa anatoa vitu vyake kwenye droo.

"Elspeth, nitaandika ukweli wa Lochee."

"Upi tena?"

"Kwamba nilipima mimi."

Alifunga droo taratibu. "Nilidhani umesahau."

"Nitasahauje, na kila Septemba unanikumbusha?"

"Wewe? Sikuwa nakukumbusha wewe, mwanangu. Nilikuwa nawaambia wao. Mtu akisikia kosa la mgeni husema, mimi si mjinga kama yule. Akisikia la mkubwa wake, huogopa. Nilitaka waogope."

"Na kikombe je?"

"Kikombe ni kizuri. Hakimwagi."

Basi ilivyokuwa hasa ni hivi. Jumanne tarehe 11 Novemba 2008, saa tano asubuhi, nilikwenda Lochee peke yangu. Bi Elspeth alikuwa ameniagiza nirudi jioni kwa jagi la pili, na nibishe hodi kwa majirani. Sikurudi. Mvua ilikuwa inanyesha, na niliona haya kugonga milango ya watu nisiowajua na kuwaomba wafungue mabomba. Ni hivyo tu, haya. Nilimwambia Bi Elspeth kwamba nimepima vya kutosha, naye akaniamini, akatia sahihi yake kwenye fomu, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wake. Boila ilipong'olewa na mzee Duthie akatuita wote wawili kuuliza ni nani, mimi nilitazama zulia. Lilikuwa zulia zuri, nilijua hata kiwanda kilikotoka. Bi Elspeth akasema, "Sahihi ni yangu." Mzee akauliza, "Na aliyepima?" Akajibu, "Aliyetia sahihi ndiye aliyepima." Mambo yakaishia hapo, na mwezi Januari binti yangu akazaliwa baba yake akiwa na kazi.

Bado haijaisha. Tangi jipya lilichelewa siku kumi na tisa. Katika siku hizo zote nilikuwa nyumbani kwangu kabla ya saa kumi na mbili, miguu karibu na rejeta. Miaka mitatu baadaye nilikwenda kwa Bi Netta kukagua boila, akanipa chai na mkate wa nyama wa Forfar, akaniuliza Bi Elspeth hajambo.

"Hajambo kabisa."

"Yule binti! Jioni kumi na tisa alinipandisha kwenye gari lake, akanipeleka kwake, akanijazia hodhi lake mwenyewe. Mumewe tulimfungia nje ya bafu na gazeti lake. Nikamwambia, binti yangu, kwa kosa dogo hivi huhitaji kujitesa. Unajua alinijibu nini?"

"Sijui, mama."

"Alisema anajifunza hodhi linajaa kwa dakika ngapi."

Nilikula mkate wangu. Sikumwambia kitu Bi Netta, na aliaga dunia mwaka 2016 akiamini kwamba aliyekosea ni yule aliyemwogesha. Hilo siwezi tena kulirekebisha. Hili la leo naweza.

Kwa hiyo, Bwana Duthie, samahani, kile kipande cha kuchekesha hakipo tena. Orodha ya makosa ya Bi Elspeth Mudie katika miaka thelathini na moja na miezi sita ina mstari mmoja tu, nao unasema kwamba alimwamini muuza mazulia.

Tangazo nililoanza nalo vilevile lina dosari. Nilipokuwa natoka stoo siku ile aliniita.

"Septemba nani atawasimulia?"

Niligeuka mlangoni.

"Kikombe nakichukua," akasema. "Jagi nimeliacha msumarini. Na hesabu uzitaje sawa, sekunde kumi asubuhi, arobaini jioni. Usipunguze hata moja ili uonekane nafuu."

Basi jagi haliondoki. Septemba nitasimama nalo chumba cha juu, na nitaanza kama alivyoanza yeye, "Nilikosea mara moja," ingawa kwa upande wangu hiyo "mara moja" nayo itabidi tuijadili.

Bi Elspeth, asante kwa milango yote uliyobisha. Huko Arbroath unakohamia, katika fleti yako ndogo yenye boila uliyoichagua mwenyewe baada ya miezi minne ya kusita, tunakuombea afya, majirani wema, na maji ya moto yasiyopungua hata wa chini akifungua mabomba yake yote.